Mtoto wa Chui Hakutupwa, Amefichwa

Ndugu mkulima, asubuhi moja ya mvua za masika alikuja ofisini kwetu mwenzako mmoja, mwenye shamba kando ya mto, amebeba mgongoni kikapu cha kuchumia chai. Juu ya kikapu alikuwa amefunika gunia. Mimi nilidhani ameleta matawi ya chai yenye ugonjwa ili Bwana Shamba ayatazame, maana wengi huja hivyo. Akakitua kikapu juu ya meza yangu, juu ya daftari la mbolea, akasema, "Chamgei, Bwana Karani. Nimekuletea paka wawili, lakini paka hawa sitaki kuwaona kwangu tena."

Nikafunua gunia. Walikuwa watoto wawili wa chui. Macho yao yalikuwa yamekwisha kufunguka, rangi yao ya kijivu kama majivu ya jiko, na madoa yamesongamana hata huwezi kuyahesabu. Mmoja alinionyesha meno madogo kama punje za mchele, akanikemea kwa sauti kama ya maji yakimwagika juu ya kaa la moto. Mwenzake alikuwa amelala usingizi.

Ningekuwa mwongo nikikuambia kwamba nilijua mara moja la kufanya. Kazi yangu ni kuandika: nani amepata mbolea, nani ameomba miche, ng'ombe wa nani amechanjwa. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na chuoni habari za chui tulifundishwa kwa mistari minne tu: ana madoa, hula nyama, hupanda miti, ni mkali. Lakini miezi michache kabla ya siku ile nilikuwa nimekwenda Maasai Mara katika ziara ya wakulima wa chai, na huko nilimtazama chui jike na watoto wake kwa muda wa saa mbili. Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonisaidia, na ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu kikapu kile chaweza kuwa chako kesho.

Kwanza yafaa ujue kwamba mwenzetu yule alikuwa na haki ya kukasirika. Katika mwezi mmoja mbuzi wake wawili walichukuliwa usiku, na baada yao mbwa. Siku ile alikuwa akifyeka kichaka karibu na mto ili apande nyasi za napia. Akasogeza gogo la zamani na kuwakuta watoto hawa wamejikunja pamoja katika shimo chini ya jiwe. Alingoja kidogo, panga mkononi, lakini mama hakutokea. Basi akaamua kwamba mama yao amekufa au amewatupa. Jirani mmoja alimshauri awauze kwa wenye hoteli za watalii. Mwingine alisema watiwe mtoni wangali wadogo, wasije wakakua wakamaliza mbuzi wa kijiji kizima. Bibi yake, ambaye sisi huku humwita kogo, alisema, "Warudishe kabla ya jua kutua. Mwenyewe atakuja kuwatafuta." Akaona hayo ni maneno ya uzee, akavaa koti la mvua akaja kwetu.

Sasa nikupeleke Mara kidogo, halafu tutarudi kwenye kikapu.

Mara si mbali nasi. Kutoka mji wa Bomet wapita Mulot, kisha wateremka mpaka lango la Sekenani. Hata hivyo wengi wetu tuliozaliwa katika nchi hii ya chai hatujapata kuiona, na watu watoka London na Chicago kuja kuitazama. Katika gari letu tulikuwa wakulima saba, mimi, na dereva aliyekuwa kijana wa huko mwenye kujua kila kichaka. Siku ya pili, asubuhi na mapema, tulikuwa tukifuata ukingo wa mto Talek, naye akasimamisha motokaa ghafla, akaonyesha kwa kidole mti mkubwa wa mkuyu. Sisi sote tulitazama tusione kitu. Akasema, "Msitafute chui. Tafuteni mkia." Ndipo tukauona mkia unaning'inia katikati ya majani, na juu yake chui jike amelala juu ya tawi, miguu yake ikining'inia huku na huku kama mtu aliyepanda punda. Kwenye panda ya tawi la pili alikuwa ameweka swala pala aliyemwua usiku.

Mzee mmoja katika gari letu alistaajabu jinsi mnyama wa kilo 40 hivi anavyoweza kupandisha mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe, kwa meno tu, juu ya mti ulio wima. Dereva alieleza kwamba asipofanya hivyo fisi au simba watamnyang'anya chini. Lakini akasema tusitazame nyama, tutazame mawe yaliyo chini ya mti, kwa kuwa jike huyu ana watoto, naye hawezi kula muda mrefu bila kuwaita.

Tulikaa kimya. Baada ya muda chui akateremka, kichwa mbele, bila kishindo. Akasimama mbele ya mawe akatoa sauti ndogo ya chini, kama mtu anayekoroma kwa upole. Mara wakatoka watoto wawili, umri wao dereva aliukadiria kuwa miezi minne. Walimrukia shingoni, wakamng'ata masikio, wakapita chini ya tumbo lake. Yeye aliwalamba mmoja mmoja, hasa usoni. Kisha akageuka akaenda kuelekea mtini, na hapo niliona jambo ambalo vitabu vya chuo havikuniambia. Ncha ya mkia wa chui ni nyeupe upande wa chini. Jike alipotembea alikunja ncha hiyo juu, na katika majani marefu ambamo watoto hawakuweza kumwona mama yao, waliuona ule weupe ukiwaongoza mbele, wakaufuata. Mama mmoja mkulima aliyekaa nyuma yangu alisema, "Kama taa ya nyuma ya matatu." Tukacheka kwa mikono midomoni.

Mtoto mmoja alipanda mti vizuri. Wa pili alifika nusu ya njia, akakwama, akatazama chini, akaanguka matako kwanza. Akainuka akajaribu tena. Mama hakumsaidia wala hakumngoja. Walipofika kwenye nyama walikemeana, na aliyefika kwanza ndiye aliyekula kwanza. Chui si kama simba, ambao hula wengi pamoja kwa vurugu. Watoto wa chui mara nyingi hula kwa zamu, na mwenye nguvu hutangulia.

Kisha alikuja fisi mmoja akinusanusa. Jike alipandisha sauti mara moja tu, na yule mtoto aliyeanguka mara ya kwanza alipanda juu kwa kasi ya ajabu. Hofu ni mwalimu mzuri kuliko mimi nilivyokuwa. Fisi alizunguka mti, akalamba damu iliyodondoka, akaenda zake. Jambo la kusikitisha ni kwamba kufikia wakati huo magari yalikuwa yamejaa pande zote, ijapokuwa kanuni ya hifadhi ni kwamba yasizidi matano mahali pamoja, na jike hakuwa na nafasi ya kuteremka. Dereva wetu alirudisha motokaa nyuma akaondoka, ingawa sisi tulitaka kukaa. Namsifu kwa hilo.

Njiani alitusimulia juu ya majike mashuhuri wa Mara. Mpiga picha Jonathan Scott alimfuata mmoja aliyeitwa Chui pamoja na watoto wake, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1985. Baadaye alikuja jike aliyekatika mkia, ambaye wazungu walimwita Half-Tail, na binti yake Zawadi. Hao walionekana na mamilioni ya watu katika picha za televisheni za BBC zilizoanza mwaka 1996. Fikiri jambo hilo: binti chui mara nyingi hukaa jirani na nchi ya mama yake, kama vile baba anavyomkatia kijana wake kipande cha shamba, na watoto wa kiume ndio huhamia mbali. Kwa hiyo watazamaji waliweza kuujua ukoo mmoja, mama na binti, kwa miaka mingi.

Na hapa ndipo dereva alipotuambia neno lililonirudia nilipoona kikapu mezani. Nilimwuliza, "Watoto hawa walipokuwa wadogo kabisa, mama aliwaacha na nani akienda kuwinda?" Akajibu, "Na nani? Na jiwe."

Chui jike hana mume wa kumsaidia. Dume hupita katika nchi yake, huzaa naye, naye huenda. Jike huchukua mimba miezi mitatu hivi, kisha huzaa watoto wawili au watatu, kila mmoja akiwa na uzito wa nusu kilo hivi, macho yamefumba kwa muda wa siku kumi hivi. Huwazalia penye giza: pango, ufa wa jiwe, shina la mti lenye uvungu, kichaka kisichopitika. Anawanyonyesha, lakini yeye mwenyewe sharti ale, na hakuna wa kumletea. Basi huwaacha. Huenda akawaacha usiku mzima na mchana unaofuata, na pengine zaidi, kwa kuwa windo halipatikani kwa saa ya ofisi. Watoto hutulia kimya. Hawalii, hawatoki, kwa maana anayelia husikiwa na fisi. Na kila baada ya siku chache mama huwahamisha, mmoja mmoja, amewashika kwa ngozi ya shingo, ili harufu isizidi mahali pamoja.

Hivyo ukiwakuta watoto wa chui peke yao, usiseme wametupwa. Wamefichwa. Mama yao yuko kazini, kama wewe unavyomwacha mtoto nyumbani ukaenda kuchuma chai. Wakifika wiki sita au nane huanza kuonja nyama, na mama huwapeleka kwenye windo badala ya kuwaletea. Hukaa naye mwaka mmoja, au mwaka na nusu, au karibu miwili. Hata kwa malezi hayo yote, karibu nusu yao au zaidi hufa kabla ya kujitegemea. Simba huwaua, fisi huwaua, na dume mgeni huwaua ili jike azae naye upya.

Sasa turudi mezani kwangu.

Nilifunika gunia, nikaondoa kikapu penye watu, nikakiweka katika ghala ya mbegu penye giza na utulivu. Watu walikuwa wamekwisha kusikia, na vijana wawili walitaka kupiga picha kwa simu zao. Nikawakatalia. Tena sikuwapa maziwa, ijapokuwa mpishi wetu alileta kikombe kwa huruma, maana maziwa ya ng'ombe yaweza kuwaharisha. Nikawapigia simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Wazee wetu wangesema nimemwita Bwana Nyama. Jibu lilikuwa fupi: msiwashikeshike, tunakuja, na mtuonyeshe mahali pale pale walipookotwa.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa kando ya mto, askari wa wanyamapori, mwenye shamba na mimi. Askari alivaa glavu. Alikilaza kikapu ubavu mbele ya lile shimo chini ya jiwe, watoto wakiwa ndani yake, gunia limeondolewa. Akafunga kamera ndogo kwenye mti, kisha tukarudi nyuma mpaka nyumbani kwa mwenye shamba, mbali na mto, tukakaa jikoni tukinywa chai. Mbwa wa majirani walifungiwa ndani, na watoto wote wakaambiwa wasitoke.

Hapo jikoni ndipo mwenye shamba alipouliza swali ambalo wewe pia, ndugu msomaji, bila shaka unalo. Alisema, "Afande, kwa nini usilete mtego wa chuma, umkamate huyo mama na wanawe, uwapeleke Mara wakae na watalii?"

Nilitamani kusikia jibu, kwa kuwa hilo ndilo ninaloulizwa kila wiki. Askari alisema kwamba chui akihamishwa aghalabu hujaribu kurudi kwao, na njiani hupita katika mashamba ya watu asiowajua. Tena nchi aliyoiacha haikai tupu, mwingine huja. Jambo hili limepimwa huko Uhindi, katika sehemu ya Junnar, jimbo la Maharashtra, ambako chui huishi katika mashamba ya miwa. Tangu mwaka 2001 serikali ya huko ilikamata chui wengi na kuwaachilia katika misitu ya mbali. Wataalamu, bibi mmoja Vidya Athreya na wenzake, walichapisha hesabu mwaka 2011: kabla ya kazi hiyo mashambulio juu ya watu yalikuwa wastani wa 4 kwa mwaka, na wakati wa kuhamisha yalifika 17 kwa mwaka. Siku hizi wavuna miwa wakikuta watoto wa chui, huwekwa katika sanduku mahali pale pale, mama huja usiku akawachukua. Na katika mashamba ya chai ya Bengal Magharibi, sehemu iitwayo Dooars, chui huzalia katikati ya michai yenyewe na katika mifereji yake, na wachumaji wamezoea kuwakuta.

Mwenye shamba alishangaa kwamba kuna chui katika chai za watu wengine. Lakini mbona asishangae kwamba wamo katika zetu? Sisi Wakipsigis humwita chui cheplanget, na ukienda Bureti utakuta mahali paitwapo Cheplanget hata leo. Watu hawakupaita hivyo kwa ajili ya kondoo. Msitu wa Mau wa Kusini Magharibi umepakana na mashamba yetu ya Kericho na Bomet. Chai ya Nyayo iliyoanza kupandwa mwaka 1986 iliwekwa ukingoni mwa misitu ili watu wasiingie ndani, lakini hakuna aliyemwambia chui kwamba huo ni mpaka. Mito yetu, Itare, Kiptiget, Kipsonoi, yatoka huko juu na vichaka vyake, na kwa chui kila ukingo wa mto ni barabara. Humo anapata paa, pimbi, ndezi, tumbili, na mtoto wa nguruwe mwitu. Ukihesabu vizuri, wengi wa hao ni wezi wa mahindi yako. Watu wengi waishi karibu na chui miaka kumi wasimwone hata mara moja. Husikia tu usiku sauti kama ya mtu anayepasua ubao kwa msumeno, wakadhani ni jirani anayeiba miti ya msituni.

Neno jingine la askari lilinigusa zaidi, kwa kuwa lahusu idara yetu. Wako wakulima wanaotia dawa ya kuua wadudu katika mzoga wa mbuzi ili chui akirudi afe. Usifanye hivyo hata ukiwa na uchungu namna gani. Mwezi wa Desemba 2015 kule Mara watu walitia sumu katika mzoga wa ng'ombe, wakaua simba wa kundi la Marsh, mmoja wao jike mzee aliyeitwa Bibi. Sumu haichagui. Mzoga wenye sumu huua mbwa wako, tai, na kila kitakachomla mbwa wako. Mvua ikinyesha huteremka mtoni, na mto huo ndio ng'ombe wa jirani wanywamo. Dawa tunayokuuzia ni ya funza wa mahindi.

Tena mama akiuawa, watoto wadogo hufa kwa njaa shimoni. Mtoto mkubwa kidogo, wa miezi minane au tisa, huenda akaishi, lakini hajajua kuwinda. Atakula nini? Mbuzi aliyefungwa kamba ndiye windo lisilohitaji ujuzi. Kwa hiyo anayeua mama ili aokoe mbuzi aweza kujiletea mwizi mwingine aliye mjinga na mwenye njaa.

Usiku ule hatukusikia kitu. Asubuhi tulikwenda pamoja, askari mbele. Kikapu kilikuwa tupu, kimevutwa hatua tatu kutoka mahali pake, na ukingo wake umetafunwa. Katika tope palikuwa na nyayo za mviringo, bila alama za makucha, kwa sababu chui huyaficha akitembea. Mbwa huacha alama za makucha, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwatofautisha. Kamera ilionyesha kwamba jike alifika saa mbili na dakika arobaini usiku. Alisimama muda mrefu akinusa kikapu, akakizunguka mara tatu, akaingiza kichwa, akatoka na mtoto wa kwanza kinywani. Baada ya saa moja hivi alirudi kumchukua wa pili. Kogo alipoonyeshwa picha alizitazama kwa makini, akamrudishia askari kamera, akamwuliza mjukuu wake kama kikapu kitalipwa na serikali.

Kikapu hakikulipwa, lakini habari ya malipo yakupasa kuijua. Kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, chui ni mmoja wa wanyama ambao wakimwua au kumjeruhi mtu, au wakiua mifugo, madai ya fidia yaweza kupelekwa kwa kamati ya kaunti. Wahi kutoa habari kwa KWS na kwa chifu, usiuzike mzoga kabla haujatazamwa, piga picha za alama za meno shingoni na nyayo. Fidia haiji kwa haraka, sitakudanganya. Tena sheria hiyo yasema kwamba mwenye mifugo asiyechukua hatua za kutosha kuilinda halipwi. Mbuzi wa mwenzetu walikuwa wamefungwa kamba kwenye mti wa mparachichi, nje, usiku. Hakuomba hata shilingi, maana alijua atakavyojibiwa.

Basi tujenge. Kosa kubwa ninaloliona katika mazizi yetu ni kwamba watu hujenga ukuta wakasahau paa. Zizi la miiba lisilo na paa lazuia fisi, lakini chui hupanda mti wenye swala kinywani, naye ataona ukuta wa mita mbili kama ngazi. Zizi la mbuzi sharti lifunikwe juu, kwa mabati au kwa wavu wa chuma ulio imara, uliopigiliwa kwenye fito kila upande. Nguzo ziwe za mkaratusi, zichimbiwe chini. Nafasi kati ya fito isimruhusu chui kuingiza mkono akamvuta mbuzi aliyelala karibu na ukuta. Hili hutokea, na asubuhi wakuta mguu tu. Mlango ufunge barabara kwa komeo, si kwa kamba ya katani. Fyeka majani na vichaka kuzunguka zizi, hatua ishirini au zaidi, chui asipate pa kulalia. Mbuzi na kondoo waingie kabla ya saa kumi na mbili jioni, ndama vilevile. Na mbwa usimfunge nje kwa mnyororo, kwa kuwa hapo hakulindi tena, umemfanya chambo.

Nao wachumaji wa chai, hasa wenye mashamba yaliyopakana na mto au msitu, waingie shambani pamoja, wakiongea au wakiimba. Chui akisikia watu huondoka mwenyewe. Michai iliyoachwa miaka mingi bila kupogolewa ikawa kama pori ndiyo anayoipenda, kwa hiyo ukipogoa kwa wakati wajisaidia mara mbili. Ukikutana naye uso kwa uso, usikimbie wala usiiname. Simama wima, rudi nyuma polepole, umwachie njia ya kupita. Ukisikia sauti za watoto wadogo kichakani, kama paka anayelia mbali, rudi ulikotoka, uwaambie na wenzako. Kata napia mahali pengine kwa wiki mbili. Mama atakuwa amewahamisha.

Mwenzetu alifanya hivyo. Alikiacha kichaka kile kwa wiki tatu, akatumia siku hizo kujenga zizi, nguzo kumi na mbili na mabati aliyoyatoa katika jiko la zamani. Nilipopita huko mwezi uliopita alinionyesha mbuzi wanne ndani, na juu ya paa mikwaruzo miwili mirefu iliyoondoa kutu. Jike alikuwa amekuja kutazama. Hakushuka na kitu. Kikapu bado anakitumia, na pale kwenye kituo cha kununulia chai wenzake humwuliza kila siku ni panya wa namna gani waliokula ukingo wake.

Mchoro wa zizi lile, pamoja na vipimo na hesabu ya misumari, uko ofisini kwetu, nao hauuzwi. Njoo siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita, utuambie una mbuzi wangapi.